Katikati ya Kazi: Shauku Hukuzwa, Haiokotwi

Mtu anayeajiriwa serikalini Tanzania akiwa na miaka 25 ana miaka 35 ya utumishi mbele yake, kwa kuwa sheria inamtaka astaafu akifika 60, au 55 kwa hiari yake. Nusu ya muda huo huifikia akiwa na miaka 42 au 43. Wakati huo kazi anaijua. Hamwulizi tena mtu namna ya kuandika dokezo, kuandaa somo, kupokea mgonjwa au kufunga hesabu za mwezi. Nyumba yake imefika usawa wa lenta, mtoto wa kwanza yuko sekondari, mzazi mmoja ameanza kuuguauugua, na kwenye hati yake ya mshahara kuna makato ambayo hayataisha leo wala kesho. Hapo ndipo swali linapomjia: hii kweli ndiyo kazi yangu, au nimezoea tu?

Majibu mawili humfikia haraka. La kwanza ni la wahamasishaji, wale wanaojaza kumbi za hoteli na kurasa za mitandao ya kijamii: tafuta kile unachokipenda, acha kazi, fuata ndoto yako. La pili ni la wazee nyumbani na wenzake ofisini: kazi ni kazi, vumilia, wangapi wanaililia hiyo uliyonayo? Ukiyasikia haraka utadhani yanapingana. Lakini yote mawili yanachukulia kwamba shauku ni kitu kilichokwisha kukamilika, kimekaa mahali kikimsubiri mwenyewe. Mmoja anasema nenda ukakitafute. Mwingine anasema hukujaaliwa, tulia. Naona wote wawili wamekosea palepale. Mapenzi ya kazi hukua, tena hukua kwa kufanya, na katikati ya utumishi ndipo mtu anapokuwa na nyenzo nyingi zaidi za kuyakuza kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake. Kinachoweza kumwangusha ni mazingira ya ajira kuliko moyo wake.

Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti uliolipima jambo hili. Walitofautisha watu wanaoamini kuwa mtu huzaliwa na mapenzi ya fani fulani na wale wanaoamini kuwa mapenzi hayo hujengeka. Kundi la kwanza halikuvutiwa sana na maandishi yaliyokuwa nje ya fani waliyokwisha kuihesabu kuwa yao. Katika jaribio jingine washiriki walionyeshwa filamu fupi, nyepesi na ya kusisimua, kuhusu mashimo meusi ya angani, kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi juu ya jambo hilohilo. Walioamini kuwa shauku huja imekamilika ndio waliopoteza hamu zaidi. Walikuwa wametarajia kwamba kitu kikishakuwa chako hakitakusumbua.

Mtu mzima anayeacha kazi kwa sababu ameambiwa afuate ndoto yake yuko katika hatari iyo hiyo. Miezi ya mwanzo ya ufugaji wa samaki, upigaji picha au ushauri wa biashara humpa furaha halisi. Kisha vifaranga vya samaki vinakufa, wateja hawalipi, na hesabu zinagoma. Kama alifundishwa kwamba shauku ya kweli haina uchovu, atahitimisha kwamba hata hii haikuwa yake, na ataanza kutafuta upya akiwa na akiba ndogo kuliko mwanzo.

Tukumbuke pia tulivyoingia kazini. Kijana wa Tanzania hupangiwa tahasusi akiwa na miaka kumi na saba hivi, kwa alama za kidato cha nne. Alama hizohizo, pamoja na nafasi zilizopo na uwezo wa kupata mkopo, ndizo zinazomwelekeza kwenye ualimu, uuguzi, uhasibu au kilimo. Wengi wetu hatukuchagua fani kwa maana kamili ya kuchagua. Kwa hiyo mtu wa miaka 42 anayejiuliza kama kazi yake inamfaa anafanya jambo ambalo hakuwahi kupewa nafasi ya kulifanya. Nchi tajiri zimeliita jambo hili mtikisiko wa umri wa kati tangu Elliott Jaques alipolipa jina mwaka 1965, baada ya kuchunguza maisha ya wasanii na kuona namna kazi zao zinavyogeuka wakifika miaka thelathini na kitu. Sioni haja ya kulichukulia kama ugonjwa. Kwetu mara nyingi ni uamuzi wa kwanza wa mtu mzima juu ya kazi yake mwenyewe.

Maisha ya watu tunaowafahamu yanatufundisha zaidi. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alifanya kazi katika idara ya afya ya Zanzibar kwa takribani miaka kumi kama mkaguzi. Mwaka 1948, akiwa na miaka thelathini, akaingia kwenye uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Miaka kumi baadaye alikuwa akihariri Mkulima, jarida la wakulima, na katika kipindi hicho hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ikashinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Ilipotoka kama kitabu mwaka 1960 alikuwa amekwisha kuvuka arobaini, na Bwana Msa, mpelelezi wake, akawa mmoja wa wahusika wanaojulikana sana katika riwaya ya Kiswahili. Mpelelezi huyo anaingia majumbani, anahoji watu na kuangalia vitu vidogo ambavyo wengine wanavipita. Ninaamini miaka ile ya ukaguzi, ya kubisha hodi na kuchungulia nyuma ya nyumba za watu, haikupotea. Mtu hahami na kiti chake, lakini huhama na macho yake.

Shaaban Robert alifuata njia tofauti kabisa. Aliingia kazini mwaka 1926 kama karani wa forodha na akakaa huko hadi 1944, kisha akapita katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni hadi kufika idara ya upimaji wa ardhi huko Tanga. Hakuacha ajira akaishi kwa kalamu. Mashairi, insha na hadithi ambazo tunazisoma shuleni zimetoka kwa mtu aliyekuwa na mwajiri na mshahara wa karani. Kinachonivutia ni kwamba katika Utubora Mkulima amemchora mtu anayeiacha kazi ya mjini na kwenda kulima, hatua ambayo yeye mwenyewe hakuichukua kwa upande wa uandishi. Alilijua swali letu, akaliandika, na bado akaendelea kwenda ofisini. Abdulrazak Gurnah naye, mzaliwa wa Zanzibar aliyekwenda Uingereza akiwa kijana, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987, akikaribia arobaini, na aliendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi akastaafu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ilimkuta ameandika riwaya kumi, nyingi kati ya hizo akiwa mwalimu mwenye mitihani ya kusahihisha.

Kuna wanaobaki ndani ya ujuzi uleule wakabadilisha umbo lake. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka kumi na minane. Mwaka 2012 hakufuzu kuingia timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kwa mwanariadha wa uwanjani huo ungeweza kuwa mwisho. Mwaka uliofuata alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg na kushinda, na yaliyofuata dunia nzima inayajua: dhahabu mbili za Olimpiki na rekodi ya saa 2:01:09 huko Berlin mwaka 2022. Kocha alikuwa yuleyule, Patrick Sang; mazoezi ya alfajiri yalikuwa yaleyale; kilichobadilika ni umbali. Watu wengi waliokwama katikati hawahitaji fani mpya. Wanahitaji umbali mwingine: mwandishi wa habari za kila siku aende kwenye makala ndefu, mwanasheria wa kesi aende kwenye usuluhishi, fundi magari aende kwenye umeme wa magari.

Lakini mfano ninaoupa uzito mkubwa kuliko yote ni wa Wangari Maathai, kwa sababu unaonyesha hatua kwa hatua jinsi shauku inavyochipuka ndani ya kazi ambayo haikuwa na uhusiano nayo. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata, na fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Hakuna miti humo. Katika utafiti wake wa kupe wanaoeneza ndigana kali alikwenda vijijini kukusanya wadudu hao kwenye ng'ombe, na huko akaona mambo mengine: mito imejaa tope baada ya mvua, udongo unasombwa, ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Alianza kuona kwamba tishio kwa mifugo ni kubwa kuliko kupe. Wakati huohuo, katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alikuwa akiwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza kwamba wanatembea mbali kutafuta kuni na maji. Mambo mawili yakakutana kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwa na elimu ya kuyaunganisha. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na miaka 37, yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Kama angejifungia chumbani mwaka 1970 na kujiuliza shauku yake ni nini, asingejibu miti. Jibu lilimfuata njiani akifanya kazi nyingine vizuri, kwa makini, huku masikio yake yakiwa wazi kwa watu walio nje ya fani yake. Na hata baada ya 1977 hakuacha chuo. Aliendelea kufundisha kwa miaka mingine mitano. Alijiuzulu mwaka 1982 ili agombee ubunge, akaenguliwa katika kugombea, chuo kikakataa kumrudisha, akatakiwa pia kuihama nyumba ya chuo. Hapo ndipo Green Belt, harakati ya upandaji miti iliyoanza na ile miti saba, ikawa kazi yake ya kila siku. Simulizi za mafanikio hupenda kuiruka sehemu hii. Hatua ya mwisho hakuichukua kwa kufuata ndoto tu. Mlango mmoja ulifungwa mbele yake, na ule mwingine alikuwa amekwisha kuufungua miaka mitano nyuma. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2004.

Nalazimika kusema jambo moja kabla ya kuendelea. Tunawajua hawa kwa sababu walifanikiwa. Waliojaribu wakashindwa hawaandikiwi wasifu, na idadi yao haijulikani. Kwa hiyo maisha haya hayathibitishi kwamba kila atakayejaribu atafika. Yanachoonyesha ni njia ambayo jambo hili hupitia likitokea, na njia hiyo mara zote inapita kwenye ujuzi uliokwisha kupatikana.

Je, asiye na kitabu moyoni wala mbio miguuni? Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliowagawa wafanyakazi kwa namna wanavyoiona kazi: wengine ni riziki tu, wengine ni ngazi ya kupanda vyeo, wengine ni wito. Mtu angetarajia daktari aseme wito na karani aseme riziki. Lakini walipowachukua makarani 24 wa chuo, wenye kazi za aina moja, waligawanyika karibu sawasawa katika makundi yote matatu. Baadaye, pamoja na Jane Dutton, mtafiti huyo aliandika kuhusu wafanya usafi wa hospitali nchini Marekani. Baadhi yao walijihesabu kuwa sehemu ya tiba. Walijua mgonjwa gani hana mgeni, walizungumza na familia, na mmoja alikuwa akibadilisha picha ukutani katika vyumba vya wagonjwa waliopoteza fahamu, akitumaini kuwa badiliko hilo huenda likawasaidia. Hakuna aliyewaamuru.

Kila aliyewahi kulaza mgonjwa katika hospitali zetu amekutana na watu hawa. Kuna mhudumu wa wodi anayejua kwamba bibi wa kitanda cha tatu hajala, na mwenzake anayepiga deki bila kuinua macho, na mshahara wao ni mmoja. Wa kwanza ameiongezea kazi yake kitu ambacho hakimo kwenye barua ya ajira. Hii ndiyo njia ya kukua ambayo haihitaji ruhusa ya masomo wala mtaji, na katikati ya utumishi inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu mtu aliyekaa kazini miaka kumi na minane anajua sheria ipi ni ya kufa na kupona na ipi ni mazoea tu. Mwajiriwa mpya hathubutu kubadilisha kitu. Mkongwe anaweza, akitaka.

Lakini ana sababu za kutotaka, na nyingine zimetengenezwa na mfumo. Chukua namna tunavyowapandisha watu. Mwalimu bora wa hisabati huteuliwa kuwa mkuu wa shule, halafu afisa elimu. Daktari mwenye mikono mizuri huwa mganga mkuu wa wilaya na kuishia kwenye vikao vya bajeti. Daraja la mshahara linaweza kupanda mtu akiwa darasani, ni kweli. Lakini posho ya madaraka, gari, safari na heshima ya kuitwa mkuu viko ofisini. Matokeo yake ni kwamba mtu akiwa ameiva kabisa katika ufundi wake, tunamwondoa kwenye ufundi huo na kumwita amekua. Wengine wanafurahi huko, na uongozi nao ni fani inayoweza kupendwa. Wengine huanza kuzeeka siku ileile. Huwezi kuelewa uchovu wa watumishi wengi wa umri wa kati bila kuona kwamba waliacha kufanya kile walichokijua miaka kumi iliyopita, tena kwa barua ya pongezi.

Vyuo vikuu vimelikwepa tatizo hili kwa kiasi. Mhadhiri hupanda hadi uprofesa akiendelea kufundisha na kutafiti, na ukuu wa idara ni zamu inayopita. Sijui kwa nini muuguzi au mwalimu wa msingi asipewe ngazi ya namna hiyo: mwalimu mbobezi anayelipwa na kuheshimiwa kama afisa, huku chaki ikiwa bado mkononi, akitembelea shule za jirani kuwanoa walimu wapya. Na pale ngazi iliyopo inapokwama, madhara ni makubwa. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa Tanzania kupisha uhakiki wa watumishi, na miaka iliyofuata msamiati wa mserereko ukaingia vinywani mwa kila mwalimu, kwa maana ya kuwapandisha waliocheleweshwa. Nchini Kenya, mwongozo wa tume ya walimu ulioanza 2018 uliwakuta wengi wakiwa wamejisomesha kwa fedha zao, kisha wakaambiwa shahada pekee haimpandishi mtu. Ukimhubiria shauku mtu aliyepitia hayo bila kuyataja, humtendei haki.

Fedha ndiyo sehemu ambayo mashauri ya kigeni hutuacha kabisa. Utaratibu wa utumishi wa umma Tanzania unataka makato yasimwache mfanyakazi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kuna watumishi wengi wa umri wa kati wanaoishi hasa kwenye mpaka huo: mkopo wa benki ulioezeka nyumba, asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kama bado hajamaliza, Saccos, na chini ya hapo ada na msaada wa kijijini. Huyu hawezi kuacha kazi akafuate ndoto. Dhamana ya mkopo wake ni ajira yenyewe. Mstaafu wa kesho naye anapiga hesabu za kikokotoo cha mafao: akiondoka sasa anapoteza nini, akibaki anapata nini. Ushauri wa kuruka kabla ya kutazama unamfaa mtu ambaye akianguka yuko wa kumdaka. Kwetu, mara nyingi, huyu mtu wa miaka 42 ndiye anayewadaka wengine.

Ndiyo maana Afrika Mashariki imebuni njia yake yenyewe ya kubadilisha kazi, na inaitwa mradi. Historia yake Tanzania inafaa kukumbukwa. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi, wakiwamo watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba au kumiliki hisa. Kisha vikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi ulikuwa haumalizi mwezi, na nyakati nyingine haumalizi hata wiki ya pili. Mwanazuoni Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, ameeleza jinsi familia za waajiriwa zilivyoishi kwa miradi: kuku uani, maandazi, ushonaji, bustani ya mchicha bondeni. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti, na kilichokuwa kinafanyika kwa kujificha kikawa halali.

Miradi hiyo ilizaliwa na dhiki. Hakuna aliyeamka akasema shauku yangu ni kuku wa mayai. Hata hivyo baadhi ya watu walikutana humo na kazi waliyokuja kuipenda kuliko ile ya ofisini. Muuguzi aliyeanza na kuku hamsini kwa ajili ya ada alijifunza chanjo, akajifunza chakula, akaanza kuitwa na majirani kuku wao wakiugua, na kufika kustaafu akawa mtu wa kutegemewa mtaani kote. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga na baadaye kazi za nyumbani na vibarua Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968, akiwa katika miaka ya thelathini, ili apate kipato. Alichorea vipande vya mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli, akauza Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Alikufa mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake hadi leo. Dhiki ilimfikisha mlangoni. Kilichomfanya aendelee kubuni, naamini, ni kwamba mkono ulianza kufurahi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoudharau mradi kama usumbufu unaomwibia mwajiri saa zake. Wizi wa saa upo na ni kosa. Lakini mradi ni pia shule ya bei nafuu ya kujijaribu: mtu anapima fani mpya kwa fedha ndogo, bila kuachia mshahara, na akishindwa anapoteza banda, hapotezi maisha. Herminia Ibarra, aliyewachunguza watu wazima waliobadilisha kazi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2003, alifikia hitimisho linalofanana na hekima hiyo ya uani: watu hawatafakari kwanza wakajitambua ndipo wakahama, hujaribu vitu vidogo, hukutana na watu wapya, na kujitambua hufuata nyuma. Anayetaka kujua kama angefurahi kufundisha aombe somo moja la jioni. Anayedhani anapenda useremala atengeneze kabati la jikoni kwake, ampelekee fundi alione.

Upande wa masomo kuna jambo la kuangalia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kimewasomesha maelfu ya watu wazima bila kuwatoa kazini, na VETA hupima ujuzi wa mafundi waliojifunza gereji na viwandani na kuwapa vyeti. Hizi ni hazina. Lakini shahada ya uzamili inayochukuliwa kwa sababu wenzako wameichukua mara nyingi huongeza deni na uchovu, na mtu hurudi kwenye meza ileile akiwa na uchungu mpya. Ningemshauri mtu asome baada ya kujaribu, akiwa na swali ambalo kazi imemshinda kulijibu. Maathai alikuwa na swali hilo, lakini alilipatia jibu kwa wanawake wa vijijini, si darasani.

Kwa wanawake kalenda yenyewe ni tofauti. Miaka ya 25 hadi 40, ambayo mwanamume huitumia kupanda, mwanamke wa kwetu huigawa kati ya ajira, uzazi, wagonjwa na misiba ya pande mbili. Anapofika arobaini, mtoto wa mwisho ameanza shule, na mara nyingi ndipo anapata nguvu ya kuanza kile ambacho mumewe amekwisha kukichoka. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akauza vyungu, akahamia mjini Zanzibar mwaka 1911 na kufundishwa na wanamuziki wa huko. Alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 alikuwa anakaribia hamsini. Mwajiri anayemhesabu mwanamke wa miaka 42 kuwa amechelewa anatumia kalenda ya mtu mwingine.

Shauku nayo ina hatari zake. Robert Vallerand wa Canada ametofautisha, tangu 2003, shauku inayokaa vizuri pamoja na maisha mengine ya mtu na ile inayomtawala mpaka hawezi kuiweka chini hata inapomuumiza. Na ipo hatari inayotoka kwa wengine. Jae Yun Kim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba watu huona ni halali zaidi kumwongezea kazi bila malipo mfanyakazi anayeonekana kuipenda kazi yake. Hatukuhitaji kwenda Duke kulijua hilo. Kila walimu na wauguzi wanapodai stahiki zao, hutokea mtu wa kuwakumbusha kwamba kazi yao ni wito. Mwalimu anayependa kufundisha hajasamehe madai ya uhamisho wala malimbikizo ya mshahara. Kuutumia upendo wake kama sababu ya kutomlipa ndiyo njia ya uhakika ya kuuua.

Kinachobaki ni suala la nani afanye nini. Mtu mwenyewe anayo sehemu yake, nayo ni kubwa: kujaribu vitu vidogo, kukaa karibu na watu walio nje ya idara yake, kumfundisha mdogo wake kazini kile ambacho amekijua kwa miaka. Erik Erikson aliona mwaka 1950 kwamba kazi kuu ya umri huu ni kulea wanaofuata, na asiyelea hudumaa. Nimeona hilo likiwa kweli katika vyumba vya habari: mhariri aliyechoka hupata uhai akipewa vijana watatu wa kuwanoa.

Sehemu ya mwajiri ndiyo haijaanza. Profesa ana likizo ya utafiti baada ya miaka kadhaa, kwa sababu inakubalika kwamba akili inayofundisha huhitaji kujazwa tena. Muuguzi mwenye miaka kumi na minane wodini hana kitu cha namna hiyo, wala bwana shamba, wala mwalimu wa darasa la kwanza lenye watoto mia. Apewe miezi mitatu yenye mshahara katikati ya utumishi wake, aende hospitali nyingine kujifunza huduma ya watoto njiti au huduma ya wagonjwa wa saratani, arudi na kitu cha kuwafundisha wenzake. Swali la kwanza la halmashauri litakuwa nani atashika zamu yake, na ni swali la haki. Kuna wahitimu wa uuguzi na ualimu walio mitaani wakisubiri ajira kwa miaka, wengine wakijitolea bila posho. Wangeweza kulipwa kushika zamu hizo, na wao wangepata uzoefu wanaoambiwa kila mara kwamba hawana. Bajeti yake inaweza kupigwa kwa wilaya moja kwanza, kwa kada moja, mwaka mmoja, na matokeo yakaonekana kwenye daftari la zamu kabla mtu yeyote hajahitaji kuandika sera.